Barua ya Lubondja
Tulipanda kutoka Baraka, tukaliacha Ziwa Tanganyika nyuma, hata tukafika Lubondja. Bibi mmoja alitupa barua ya Kiholanzi ya mjukuu wake aliyezaliwa Antwerpen. Mkataba wa Koloni wa 1908 uliagiza amri zichapishwe kwa Kifaransa na kwa lugha hiyo; lakini shuleni tulifundishwa Kifaransa, Kiholanzi twakijua kidogo.

Katika sentensi ya kawaida, neno la tendo hukaa nafasi ya pili: “In juli kom ik”, yaani “Julai naja mimi”. Baada ya “omdat”, maana yake “kwa sababu”, hungoja mwisho.

Tukasoma: “Ik ben blij omdat ik in juli naar Lubondja…”, “Nafurahi kwa sababu mimi Julai Lubondja…”

“Anafanya nini?” akauliza bibi.

Tukageuza ukurasa: “kom”. Anakuja! Basi, tusifasiri kabla ya nukta.