Picha Ishirini

Mpiga picha anayetafuta kazi au nafasi ya mafunzo huko Lubumbashi huombwa kwanza mkusanyiko wa picha zake bora, tuseme ishirini, zilizopangwa kwa utaratibu, kila moja na maelezo mafupi chini yake. Wenye fani huuita potifolio. Siku hizi kupiga picha elfu mbili ni kazi ya miezi michache. Kuchagua ishirini ndiko kunakomkesha mtu.

Zangu nyingi ni za Pweto, pale Ziwa Mweru linapomwaga maji yake katika mto Luvua. Ninao wavuvi watokao jioni na taa kuvua chisense, na akina mama waanikao samaki hao mchangani. Nilipozitandaza mezani, niliona kumi na moja zikisema neno lilelile: mtumbwi, maji, machweo. Nikabakiza moja. (Machweo ni mtego. Aliyeyatengeneza ni Mungu, si mpiga picha.)

Kila anayeanza kazi hii Katanga humtazama Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Katika mfululizo wake uitwao Mémoire, wa mwaka 2006, alichukua picha za kale za wafanyakazi wa migodi zilizokuwa katika hifadhi za kampuni, akaziunganisha na picha alizopiga mwenyewe za viwanda vilivyokwisha kufa. Wale wazee wamesimama katikati ya magofu, wakitutazama.

Nami nilitamani kufanya vivyo hivyo kwa Pweto, lakini picha za kale ningezitoa wapi? Vita vilipoufikia mji mwezi Desemba 2000, watu walikimbilia Zambia kwa maelfu, na wengi wakaishi miaka mingi katika kambi za Mwange na Kala. Walibeba watoto, sufuria na mikeka. Albamu zilibaki. Ziko nyumba ambazo hazina hata picha moja ya arusi.

Shangazi yangu anayo moja: ya marehemu mumewe, ndogo kama ile ya kitambulisho, pembe moja imeliwa na unyevu. Nilimpiga ameishika kifuani. Ndiyo picha yangu yenye nguvu kuliko zote, na fundi mmoja aliyeitazama alinishauri niiweke ya kwanza, chini yake niandike habari za vita na za ukimbizi, ili wachaguzi waguswe.

Nilikwenda kumwomba shangazi ruhusa. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, «Mwanangu, watakaoiona wataniita nani?»

Sikuwa na jibu la haraka.

«Andika jina lake, na kwamba alichonga mitumbwi,» akasema. «Vita usiviandike. Yeye hakuwa vita.»

Nilirudi nalo neno hilo kwa basi hadi Lubumbashi, na njia ni ndefu. Bila vita, mgeni ataona mjane na karatasi iliyochakaa, basi. Huenda nafasi akapewa mwingine. Lakini picha ni ya shangazi kabla ya kuwa yangu, na mume ni wake.

Maelezo sasa yana jina la mtu, kazi yake, na neno Pweto. Nimeiweka ya tisa, baada ya mtumbwi ambao haujamalizika kuchongwa, kabla ya taa za usiku. Mkusanyiko unaondoka Jumatatu.