Kompyuta za Mwaka 1999

Mwaka 1999 nilikuwa fundi kijana katika chuo kikuu kimoja cha umma jijini Dar es Salaam, na kazi iliyotukaba mwaka ule mzima ilikuwa moja: kubadilisha kompyuta za ofisi kabla ya tarehe 31 Desemba. Waliozaliwa baadaye huenda hawaijui hofu ile. Kompyuta na programu nyingi za zamani zilihifadhi tarakimu mbili tu za mwisho wa mwaka, 99 badala ya 1999, kwa kuwa enzi hizo nafasi ya kuhifadhi taarifa ilikuwa ghali mno. Ikifika 00, mashine isingejua kama ni mwaka 2000 au 1900. Benki ziliogopa, mashirika ya ndege yaliogopa, nasi chuoni tuliogopea mishahara na matokeo ya mitihani.

Ikumbukwe pia tulikotoka. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na katazo lile lililegezwa polepole. Ofisi zetu nyingi ziliachana na taipureta mwishoni mwa miaka ya themanini na mwanzoni mwa tisini, na mashine zenyewe zililetwa na miradi, kila mfadhili na aina yake. Ukiingia idara moja unakuta kompyuta tatu zisizofanana hata waya.

Kuzipima hakukuwa na ugumu. Tuliisogeza mbele saa ya kompyuta hadi usiku wa 31 Desemba 1999, saa sita kasoro dakika mbili, tukakaa tukiikodolea macho skrini. Zipo zilizovuka salama. Nyingine, ukizizima na kuziwasha tena, zilikwambia uko mwaka 1980, ambapo kalenda ya mfumo endeshi wa DOS inaanzia. Hizo tulizibandika karatasi nyekundu, maana yake ziende stoo zikasubiri mnada.

Mpya zilipofika, ofisi za juu zilitoa orodha ya mgawo. Ilipangwa kwa vyeo: maprofesa, wahadhiri waandamizi, wahadhiri, na mwisho kabisa makatibu muhtasi. Niliipeleka kwa mkuu wangu wa kazi nikamwambia hii haitatufikisha, kwa sababu katika idara nyingi anayechapa ni katibu muhtasi. Mihtasari ya vikao, mitihani, barua za wafadhili, hata tasnifu za wanafunzi, vyote vilipita mikononi mwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Mwanangu, orodha imeshasainiwa.”

Katika idara moja ya lugha alikuwapo katibu muhtasi ambaye wote, kuanzia mkuu wa idara hadi mhudumu, tulimwita Mama. Alikuwa na WordPerfect, programu ya kuchapia ya enzi hizo, kichwani. Juu ya kibodi yake palikuwa na ukanda wa karatasi unaoonyesha kazi za vitufe, lakini sikuwahi kumwona akiutazama: F10 kuhifadhi, Shift na F7 kuchapisha, vidole vinakwenda huku anaongea na mgeni mlangoni. Kompyuta yake ilikuwa miongoni mwa zenye karatasi nyekundu.

“Shikamoo Mama.”

“Marahaba mwanangu. Umekuja kunichukulia mashine yangu?”

“Ndiyo Mama. Ipo kwenye orodha.”

“Na kitabu cha Profesa mtakibeba na nini?”

Akafungua mtoto wa meza. Mlikuwa na disketi pana zile za inchi tano na robo, zimefungwa kwa mpira katika mafungu, kila moja imeandikwa kwa kalamu kilichomo. Kila disketi ilibeba kilobaiti 360, kama kurasa mia na ushei za maandishi matupu. Profesa wake alikuwa amekusanya kwa miaka mingi maneno ya wavuvi wa Mafia na Kilwa: majina ya pepo, ya mikondo, ya aina za nyavu, ya sehemu za jahazi. Aliyaandika kwa mkono kwenye madaftari, na Mama ndiye aliyeyachapa yote. Baadhi ya madaftari yale yalikuwa yameliwa na mchwa. Kazi ilibaki katika disketi hizo na katika mashine tuliyokuja kuibeba. Kompyuta mpya ilikuwa chumba cha pili, mezani kwa Profesa, bado imefunikwa nailoni, na haikuwa na tundu la disketi pana. Ilipokea zile ndogo tu.

Nilikwenda kwa mkuu wangu tena. Safari hii alinyanyuka, akaja mwenyewe, akaitazama droo ile, akaniambia nisiguse chochote mpaka kila kitu kihamishwe.

Disketi nyingine zilikuwa na ukungu. Joto na unyevu wa Pwani havikuzionea huruma. Tulichana ukingo wa kijalada kwa wembe, tukaitoa ile sahani laini ya kahawia, tukaiosha kwa maji yenye sabuni kidogo, tukaisuuza, tukaifuta kwa kitambaa laini na kuiacha ikauke. Kisha tuliitia katika kijalada cha disketi mpya na kuisoma mara moja, haraka, kwenye mashine kuukuu iliyokuwa na matundu ya aina zote mbili. Mama alisimama nyuma yangu. Majina ya mafaili yalipoanza kujipanga kwenye skrini aliyasoma kwa sauti, moja baada ya jingine, na kila alipolitambua aliweka alama katika daftari lake. Machache hayakusomeka. Hayo aliyachapa upya kutoka nakala za karatasi, kwenye kompyuta mpya ambayo mkuu wa idara, kwa hiari yake, aliamua kumwachia yeye.

Tarehe 1 Januari 2000 ilikuwa Jumamosi. Tuliamkia kazini, tukawasha mashine ofisi kwa ofisi, na hazikutusumbua. Mishahara ililipwa.

Hasara tuliipata kwingine. Katika idara ambazo hazikuwa na Mama wa namna ile, mashine zenye karatasi nyekundu zilikwenda stoo na kazi za watu zikiwa ndani. Miezi kadhaa baadaye wahadhiri walianza kutuulizia takwimu zao za utafiti na sura za tasnifu. Stoo ilikuwa tupu, mnada ulishapita.

Nayaandika haya kwa sababu orodha zimeanza kupita tena. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma kwa Windows 10, na kompyuta nyingi zinazofanya kazi vizuri haziikubali Windows 11. Vyuo vitanunua, vitagawa, vitaondoa. Maofisa wa TEHAMA na ugavi, nawaomba: kabla ya kusaini orodha, piteni ofisi hadi ofisi mkaulize nani anachapa nini na kimehifadhiwa wapi. Anzeni na makatibu muhtasi. Na kompyuta isitoke ofisini mpaka anayeitumia athibitishe kwa saini yake kwamba kazi yake imehamishwa na inafunguka.