Rangi Kuukuu Katika Mihrabu

Yapo mambo yafanywayo kwa nia njema, na madhara yake yasionekane ila baada ya miaka mingi. Mojawapo ni desturi ya kuzipaka rangi ya mafuta kuta za misikiti ya kale ya pwani yetu. Wazee walijenga kwa mawe ya matumbawe na kwa chokaa iliyochomwa kutokana na mawe yayo hayo, na ukuta wa namna hiyo hunywa unyevu wa ardhi kisha ukautoa nje. Ukiuvika rangi ya mafuta umeuziba pumzi. Unyevu hubaki ndani, chumvi huganda nyuma ya rangi, na lipu huvimba ikabanduka.

Hayo ndiyo yaliyoifika mihrabu ya msikiti ulio ubavuni mwa chuo chetu. Juu ilikuwa rangi ya kijani, chini yake buluu, na chini kabisa nyeupe, ngumu kama kaure. Kamati ikaazimia iondolewe yote kabla ya Ramadhani. Na kwa kuwa fedha ni chache, ikapendekezwa wanafunzi wetu wapewe misasa waisugue, wapate thawabu.

Hatukukubali. Ndugu mmoja wa kamati akatuuliza, wala si bila ya ukali, "Maalim, hata kazi ya nyumba ya Mungu mwawanyima watoto?" Tukamjibu kuwa thawabu hatuwanyimi; twawanyima vumbi.

Yafaa wasomaji wetu, hasa kina mama, walijue jambo hili, maana haliko misikitini tu. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi. Marekani iliyapiga marufuku katika rangi za nyumba mwaka 1978, na Shirika la Afya Duniani lasema hapana kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa ni salama. Rangi hiyo ikisuguliwa kavu, vumbi lake huingia puani na kukaa vidoleni, na mtoto hula kwa vidole hivyo. Ikishaingia mwilini hujificha mifupani. Dalili zake ni za hila: tumbo kuuma, uchovu, uzito wa kushika somo; na mwalimu asiyejua humwita mtoto huyo mvivu. Kwa macho haitambulikani, basi kila rangi kuukuu na ichukuliwe kuwa inayo. Sharia yetu yakataza kujidhuru na kudhuru wengine, wala haikulegeza katazo hilo kwa sababu jengo ni tukufu.

Kazi wakapewa waashi wawili, watu wazima. Mikeka ikatolewa, misahafu ikahamishwa, na watoto wakapewa ruhusa ya siku nne (furaha yao hatuna haja ya kuieleza). Fundi mmoja alitaka kuichoma rangi kwa moto wa gesi; akazuiwa, kwani risasi ikipata moto mkali hutoa moshi wa sumu. Kostiki nayo tuliikataa, kwa kuwa matumbawe hunywa kila kitu, na mabaki yake huzidisha chumvi ukutani. Brashi ya waya hula jiwe. Ikabaki njia ya polepole: matambara ya maji ya moto yakabandikwa ukutani, na rangi ilipolainika ikakwanguliwa kwa chuma bapa ingali na maji. Vipande vilitiwa mifukoni. Mafundi walivaa barakoa, sakafu ikapanguswa kwa kitambaa kilicholowa wala haikufagiliwa, na nguo za kazi hazikufuliwa pamoja na za watoto.

Chini ya ile nyeupe, upande wa kushoto, yakatokea maua madogo yaliyochongwa katika lipu, ambayo hata mzee wetu wa miaka themanini hakupata kuyaona. Msasa ungaliyala yote.

Sasa kamati yataka upande wa pili ufunikwe upesi kwa rangi mpya, wageni wasione aibu. Sisi twaomba wangoje: ukuta ukwanguliwe kwa taratibu ile ile, ukauke, kisha upakwe chokaa nyepesi kama maziwa, mkono baada ya mkono. Ramadhani itatukuta na mihrabu nusu ya kijani na nusu ya jiwe, nasi tutasali tarawehe mbele yake vivyo hivyo, inshallah.