Safari ya Kurudi Marangu

Wasomaji wetu wakaao mbali na kwao wataifahamu habari hii. Sisi ndugu wawili tuliondoka Marangu mwaka 2012, tukaenda kukaa Mwanza, wala hatukurudi hata Desemba ya mwaka 2023, ijapokuwa mwezi huo kila mwaka Wachaga hurudi migombani kwao makundi kwa makundi. Watu walipotuuliza tulijibu kwamba nauli ni ghali. Haikuwa kweli. Tulikuwa tumegombana na kaka yetu mkubwa juu ya mpaka wa kihamba alichotuachia baba.

Basi tulisafiri na watoto wetu kwa njia ya Shinyanga na Singida, tukalala Moshi. Asubuhi mawingu yakafunguka, Kibo kikaonekana. Mtoto mmoja akauliza, "Mbona theluji ni haba kuliko ile ya picha?" Hakukosea. Wataalamu wamepima, wakaona ya kuwa barafu iliyokuwako mwaka 1912, zaidi ya sehemu nane katika kumi zilikuwa zimekwisha kufikia mwaka 2007.

Kutoka Himo tukapanda mlima, na baridi ikatupokea. Kihambani migomba ilisimama kama zamani, lakini mibuni mingi imeng'olewa, na mfongo umekauka. Ilitupasa kuwaeleza watoto mfongo ni nini: mfereji waliouchimba wazee ili kuteremsha maji ya mito ya juu, kila nyumba ikiyapata kwa zamu yake. Walitusikiliza kwa adabu tu, kama watu wanaosikia habari za nchi nyingine.

Sasa ugomvi wenyewe. Sisi tulikumbuka mpaka ukifuata mfongo, nasi tukamshtaki kaka kwamba ameyahamisha masale. Isale ni mmea ambao Wachaga huupanda mpakani. Tena jani lake, likifungwa fundo, hupelekwa kwa mtu uliyemkosea, naye haimpasi kulikataa. Jirani yetu, bibi mzee, alitukuta tumesimama penye mashina yale manene. Akasema, "Hayo aliyapanda baba yenu kwa mkono wake, ninyi mkiwa shuleni. Mimi nilimshikia miche."

Mwaka 2012 bibi huyu alikuwapo, na nyumba yake ni hatua chache tu. Hatukumwuliza, kwa sababu tuliogopa jibu lake.

Tukachuma jani, tukalifunga. Kaka alikuwa ameketi mlangoni akimenya ndizi za mtori. Amezeeka sana, na kisu kilimtetemeka mkononi. Maneno tuliyoyatengeneza njia nzima yalitupotea, tukanyosha jani tu. Akalipokea, akalitazama kitambo, akaliweka juu ya goti lake. Kisha akamwita mjukuu wake alete vigoda, akaanza kuwauliza watoto wetu majina yao mmoja mmoja, maana wawili kati yao walizaliwa Mwanza, naye hakuwa amewaona kamwe.