Kadi Tuliyoikata kwa Mkasi

Wahenga walinena, Kukopa harusi, kulipa matanga. Neno hili tulilijua tangu utoto, hata wanafunzi wetu tuliwafundisha; lakini tulilijua kwa midomo tu, mpaka siku ile mwana wetu wa kwanza aliporudishwa nyumbani kwa kukosa karo, nasi hatuna kitu mkononi ila kadi ya mkopo iliyokwisha kujaa deni.

Kadi hiyo tuliletewa na kijana wa benki, hapa Kenya, katika shule tunayofundisha. Hatukuiomba. Wala desturi hii si ngeni: mwaka 1958, katika mji wa Fresno huko Marekani, Bank of America iliwapelekea watu kadi 60,000 kwa posta, nao hawakuziomba. Hatumlaumu kijana yule, maana kalamu ya kutia sahihi tuliishika sisi wenyewe.

Kwanza tulilipia karo, kisha mabati ya nyumba, kisha tukatoa fedha taslimu katika mashine, tusijue ya kuwa fedha hizo huanza kutozwa riba tangu siku zitolewapo. Deni likafika shilingi 120,000, na riba ilikuwa asilimia 3 kwa mwezi. Hapo tukaacha kununua kwa kadi. Kila mwezi karatasi ya hesabu ilitutaka tulipe asilimia 5 tu ya deni, nasi tukalipa, tukajiona watu waaminifu.

Usiku ule mwana wetu aliporudi, mwaka mzima ulikuwa umetimia. Tukaketi mezani, mume na mke, tukajumlisha. Tulikuwa tumelipa kama shilingi 66,000, nalo deni lilikuwa bado kama 92,000! Zaidi ya shilingi 38,000 zilikuwa zimemezwa na riba. Ndipo kila mmoja wetu akakiri vitu alivyonunua kwa kumficha mwenzake. Ilikuwa aibu kubwa, lakini pasipo aibu ile tusingalipona.

Basi tukaazimia kulipa shilingi 12,000 kila mwezi, hata karatasi ikitaka kidogo. Tukauza pikipiki, na fedha yake ikamrudisha mwana shuleni. Nazo fedha za mafuta na za nyama tukazitia katika deni. Tulikwenda kwa miguu, tukala mboga na maharagwe. Mwezi wa 9 tukalipa salio lote lililoandikwa, tukaikata kadi kwa mkasi mbele ya watoto, tukapika wali.

Kumbe furaha yetu ilitangulia! Miezi michache baadaye tukapata barua kwamba tunadaiwa tena. Tukaenda benki kwa hasira. Karani, mama mmoja mpole, akatuambia, “Walimu wangu, mmekata plastiki, akaunti hamkuifunga.” Akatueleza ya kuwa riba iliendelea kuhesabiwa tangu siku karatasi ilipoandikwa hata siku tuliyolipa. Ilikuwa shilingi mia chache tu; lakini kwa kuwa hatukuzilipa, faini ya kuchelewa ikaongezwa juu yake, mara moja na mara ya pili.

Kwa hiyo, ndugu, atakaye kuacha kadi na afuate njia hii. Aache kuitumia, na aondoe malipo yote yanayojikata yenyewe kila mwezi. Aiulize benki hesabu kamili ya siku atakayolipa, wala asitegemee karatasi ya mwezi uliopita. Akiisha kulipa, aandike barua ya kuomba akaunti ifungwe, abaki na nakala yake. Kisha asitulie mpaka apewe barua ya benki isemayo kwamba deni limekwisha na akaunti imefungwa. Maana benki hupeleka habari za wakopaji kwa ofisi za kumbukumbu za mikopo, na deni dogo lililosahauliwa laweza kumzuia mtu asipate mkopo wa haki siku ya haja.

Naye asiyeweza kulipa asijifiche. Aende benki mapema, aombe kupangiwa malipo. Kunyamaza hakupunguzi riba.

Barua yetu tumeiweka sandukuni pamoja na cheti cha ndoa. Dawa ya deni ni kulipa, ndivyo isemwavyo. Nasi twaongeza, baada ya kulipa, dai karatasi.