Jozi Nane

Mama yule alinipokea mara ya pili kwa heshima ileile aliyonipokea nayo mara ya kwanza, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu, karibu," akanitolea kigoda nje ya jiko, kisha akanyamaza. Pale nilipoketi niliweza kuliona shamba lake lote la kabichi likiteremka ngazi kwa ngazi hadi kijitoni, kama mashamba ya huku Usambara yanavyoteremka. Majani yalikuwa yamebaki mishipa. Wiki mbili kabla ya hapo nilisimama katika shamba lilelile, nikageuza jani moja, nikaona vidudu vyeusi vinatafuna, nikasema neno moja: viwavi. Nikamwandikia dawa, nikapanda pikipiki, nikaenda kwa mkulima mwingine.

Dawa yenyewe ilikuwa nzuri. Ilikuwa ile ya bakteria, itokanayo na Bacillus thuringiensis, ambayo hata leo ningempa mkulima yeyote anayesumbuliwa na nondo mgongo-almasi kwenye kabichi. Haimdhuru mtu anayekula kabichi, na haiwaui wadudu wengine ovyo. Niliichagua kwa sababu nilimtakia mema.

"Nimepiga kama ulivyoniambia," alisema hatimaye. "Nikarudia baada ya siku tano. Jirani akanishauri nikanunue ile kali, nikamwambia ngoja kwanza bwana shamba arudi. Lakini mwanangu, hawa si wale wa mwaka jana. Wale ukiwagusa wanatapatapa, wanajining'iniza kwa uzi. Hawa wanajikunja, wanaanguka."

Sikuwa na la kujibu. Mtu ambaye hajawahi kushika kitabu cha wadudu alikuwa amenieleza, kwa maneno machache, tofauti ambayo mimi nilisomeshwa miaka mitatu ili niione. Niliteremka shambani, nikapiga magoti kati ya matuta, nikatoa lenzi mfukoni, nikafanya kazi ambayo nilipaswa kuifanya siku ya kwanza. Nilihesabu miguu.

Mtoto wa kipepeo au wa nondo ana jozi tatu za miguu ya kweli kifuani, yenye viungo. Tumboni ana vijiguu vya nyama, laini, vya kujishikilia, navyo kwa kawaida havizidi jozi tano. Kati ya miguu ya kifua na vijiguu vya tumbo kuna pengo la pingili mbili zisizo na kitu. Yule niliyemweka kiganjani alikuwa na pengo la pingili moja tu, halafu vijiguu vikaanza, kimoja baada ya kingine, mpaka mwisho wa mwili: jozi nane. Nikahesabu tena. Nane. Nikachukua mwingine, na mwingine. Kichwani, badala ya kikundi cha vijicho vidogo kila upande, alikuwa na jicho moja tu, jeusi, la mviringo kama kichwa cha pini.

Hakuwa kiwavi wa nondo hata kidogo. Alikuwa mtoto wa nyigu.

Najua neno nyigu linamfanya mtu afikirie kiuno chembamba na mwiba. Huyu hana vyote viwili. Yumo katika oda ya Hymenoptera pamoja na nyuki, siafu na nyigu tunaowakimbia, lakini anatoka katika shina la kale la oda hiyo, lililokuwapo kabla ya kiuno kubanwa na kabla ya mwiba kuwa silaha. Mahali ambapo nyuki ana mwiba, jike la mdudu huyu lina msumeno: mapanga mawili membamba yenye meno, yanayopishana kwenda na kurudi. Hupasua ukingo wa jani, akafanya kifuko kidogo, akaweka yai humo. Waingereza humwita nzi wa msumeno. Msumeno waliuona sawasawa, lakini nzi ana mabawa mawili na huyu ana manne. Mimi humwita nyigu msumeno.

Sasa ile dawa. Sumu ya bakteria hao ni kama ufunguo uliochongwa kwa kufuli moja. Aina niliyomwandikia mama hufanya kazi ndani ya tumbo la watoto wa nondo na vipepeo: huyeyuka, hushika ukuta wa utumbo, huutoboa. Tumbo la mtoto wa nyigu halina kufuli hiyo. Mama alinunua dawa kwa fedha aliyopata kwa kuuza karoti, akapanda na kushuka mteremko na bomba mgongoni asubuhi mbili, na viwavi wangu wa uongo wakala majani pamoja na dawa yake bila kudhurika. Kosa langu halikuwa katika dawa. Lilikuwa katika neno nililolitamka haraka, na dawa ilifuata tu neno lile.

Nilimwambia ukweli. Nilisema, "Mama, mdudu huyu sikumtambua. Nilikosea mimi." Kwa mtu wa kazi yangu maneno hayo ni mazito kuliko yanavyoonekana, maana tunatumwa vijijini kama watu wanaojua. Aliniangalia kidogo, akasema, "Basi tufanye nini?" Tukaanza na kile alichokigundua yeye. Kama hujikunja na kuanguka wakiguswa, waangukie pabaya: asubuhi, kukiwa bado na baridi, karai la maji ya sabuni chini ya kabichi na mkono wa kutikisa juu. Wajukuu zake wawili waliifanya kazi ile kabla ya kwenda shule. Baada ya mavuno tuligeuza udongo kwa jembe, kwa sababu mabuu hawa hushuka ardhini wakajifungia katika vifukofuko. Kabichi za juu kabisa, karibu na nyumba, zilipona. Za chini hazikupona, na siwezi kusema kitu cha kulipamba hilo.

Nilibeba mabuu kumi na mawili katika chupa ya jamu yenye udongo na majani. Nilishajua ni ukoo gani. Sikujua ni nani hasa, na buu halitakuambia. Ndugu wengi wa jenasi ya Athalia hufanana utotoni. Ili umjue mmoja kwa jina lake inabidi umngoje akue. Niliwalisha kila jioni. Walishuka udongoni mmoja mmoja, chupa ikabaki kama chupa ya udongo mtupu. Mke wangu aliniuliza mara mbili kama bado ninaihitaji. Wiki ya tatu ilikuwa imeingia nilipoamka nikakuta mmoja amesimama juu ya jani lililonyauka, ananyoosha mabawa: kichwa cheusi, mabawa yenye weusi wa moshi, tumbo la manjano iliyoiva kama chungwa.

Nilidhani rangi hizo zingetosha. Mzee mmoja wa kazi, aliyenifundisha mengi kuhusu wadudu, alitikisa kichwa. Rangi hubadilika kutoka mmoja hadi mwingine, alisema, na hata katika spishi moja. Akamweka jike chini ya hadubini, akautoa ule msumeno kwa sindano mbili nyembamba, akaulaza kwenye kioo. "Hapa ndipo anapoandikwa," alisema. Idadi ya meno, umbo la kila jino, namna mstari wa meno unavyopinda: wataalamu wa kundi hili huutegemea sana msumeno wa jike kuzitenganisha spishi zinazofanana kwa nje. Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi. Kinachomtambulisha mdudu huyu ni chombo chake cha kazi, kile anachokificha mpaka siku ya kukitumia, na wala si vazi lake.

Jina lililotoka ni Athalia sjostedti. Jina hilo lilitolewa mwaka 1907 na Friedrich Wilhelm Konow, Mjerumani aliyekuwa mchungaji wa kanisa na ambaye alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwachambua nyigu msumeno. Alimpa heshima Yngve Sjöstedt, Mswidi aliyeongoza safari ya kisayansi huku kwetu, Kilimanjaro na Meru, mwaka 1905 na 1906. Kwa hiyo mdudu wa milima yetu anatembea na jina la mtu wa Uswidi, wakati kabichi anayoila ndiyo mgeni kutoka Ulaya. Kwa muda mrefu jenasi yake iliwekwa katika familia ya Tenthredinidae; miaka ya karibuni wataalamu waliochunguza vinasaba wameitoa humo wakaipa familia yake, Athaliidae. Nilipolisoma hilo nilifarijika kuliko nilivyotarajia. Watu waliozeeka na hadubini bado wanarudi kwenye masanduku yao ya zamani na kusema, hapa tulimweka pasipo pake.

Lakini si kila nyigu ni adui wa kabichi. Ng'ambo ya mpaka, katika milima ya Taita nchini Kenya, watafiti wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE waliachia mashambani mwaka 2002 nyigu mdogo anayeitwa Diadegma semiclausum, aliyeletwa kutoka Taiwan. Jike lake huutafuta mwili wa kiwavi wa nondo mgongo-almasi na kutaga yai ndani yake, na buu linaloanguliwa humla kiwavi kutoka ndani. Mlinzi wa kabichi huyu ni wa oda ileile ya Hymenoptera. Ukoo mmoja una walaji wa kabichi na una walinzi wa kabichi. Kama mama angemsikiliza jirani akapiga ile sumu kali, kweli nyigu msumeno wangekufa, lakini na nyigu walinzi wa aina hiyo wangekufa pamoja nao, na msimu uliofuata nondo wangerudi shambani pasipo na wa kuwazuia. Kilichomwokoa na hilo ni imani yake kwangu, imani ambayo wakati huo sikuwa nimeistahili.

Jioni ya siku ile ya ziara yangu ya pili kwa mama nilifungua daftari langu la ziara. Lina safu ya mwisho inayouliza matokeo, na pale ambapo ushauri haukufaulu huwa tunaeleza sababu. Nilipitia kurasa za nyuma. Kwa mwandiko wangu mwenyewe, mara kumi na moja katika mwaka ule, niliandika: mkulima hakufuata maelekezo. Baba mmoja wa bonde la pili, ambaye nyanya zake zilinyauka. Kijana aliyeniambia maharage yake yanakufa mchana ilhali asubuhi ni mazima. Mjane ambaye sikukumbuka hata alilima nini. Niliandika sentensi ileile kwa watu kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja ambaye nilirudi kwake nikapiga magoti kati ya matuta yake. Mama wa kabichi angekuwa wa kumi na mbili. Kalamu ilikuwa tayari mkononi asubuhi ile kabla sijafika kwake. Nilikuwa nimeshakisia kwamba alichanganya dawa vibaya.

Nilirudi kwa niliowapata. Wanne kati yao walikuwa wamefuata maelekezo yote, hatua kwa hatua. Kijana wa maharage alinionyesha hata chupa tupu aliyoihifadhi ili nimwamini. Tulipong'oa shina moja tulikuta ugonjwa uko mizizini, mahali ambapo sikuwahi kuangalia kwa sababu majani yalinitosha. Mjane hakutaka kuniona, na nilikubali kwamba ana haki hiyo. Baba wa nyanya alikuwa amehama.

Jike lile bado ninalo. Limechomwa kwa pini nyembamba ndani ya kisanduku cha mbao chenye kafuri ya kufukuzia wadudu waharibifu, na chini yake kuna kibandiko kidogo kama desturi ya kazi inavyotaka: spishi, mmea, mahali, mwezi na mwaka. Mstari wa mwisho ni wa jina la aliyemkusanya. Nilikaa na kalamu kwa muda, kisha nikaandika jina la mama yule, herufi ndogo sana ili litoshe.