Mtoto Akizimia Mchezoni, Tusikimbilie Kusema ni Jini



Mtoto akianguka na kuzimia akicheza, wengi husema ni jini au njaa. Sisi walimu wa madrasa hapa Buyenzi, Bujumbura, tuliyasikia hayo mwanafunzi wetu wa miaka 14 alipozimia akikimbiza mpira. Mama yake hakuridhika na maneno ya watu. Alimpeleka hospitali, nasi tukafuatana nao.

Daktari alisikia mvumo kifuani, kisha akampima kwa eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Tulionyeshwa msuli wa moyo ulionenepa, hasa ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini. Karibu na ukuta huo kuna vali iitwayo mitrali, mfano wa mlango wa mbawa mbili. Moyo ukijikaza, mlango huo hufunga ukatulia. Kwa kijana huyu, damu inayopita kwa kasi ilikuwa ikisukuma ubawa wa mbele hadi kwenye ukuta ule mnene. Njia ya damu kwenda mwilini huzibika, na nyingine huvuja kurudi nyuma. Ndipo pumzi hukatika, kizunguzungu huja, na pengine mtu huzimia.

Maradhi haya si ya kupuuzwa. Marc-Vivien Foé, mchezaji wa Kameruni mwenye miaka 28, alianguka uwanjani Lyon, Ufaransa, tarehe 26 Juni 2003, akafariki. Uchunguzi ulionyesha moyo wake ulikuwa umenenepa. Inakadiriwa mtu 1 kati ya 500 anayo, na mara nyingi ni ya kurithi: mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu. Ndiyo maana dada zake kijana wetu nao walipimwa.

Kijana alituuliza kuhusu Ramadhani. Mwili ukipungukiwa maji, moyo haujai vizuri, ubawa husogelea ukuta na njia huzidi kuziba. Tulimjibu kwamba mgonjwa amepewa ruhusa, na afuate neno la daktari wake. Kula kwa sababu ya maradhi si udhaifu wa imani.

Sasa anatumia dawa za kupunguza kasi ya moyo. Dawa zikishindwa, upo upasuaji wa kupunguza ukuta ule. Wenzake wakicheza, yeye huhesabu mabao.

Wazazi, ulizeni katika ukoo: nani alifariki ghafla akiwa kijana? Na mtoto akizimia akikimbia, apimwe moyo kabla hajarudi uwanjani.